UZI: Jimbo Katoliki la Bukoba lina miaka mingapi? Wazee wamebishana hadi alfajiri

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mwezi uliopita nilikwenda msibani nyumbani Kagera. Usiku wa mkesha wazee wawili wakaanza kubishana: jimbo letu la Bukoba lina umri gani? Mmoja anasema lilianza 1892. Mwingine, aliyewahi kuwa katekista, anasema karatasi za Roma zinataja 1951. Kijana mmoja kwa simu yake akachomeka 1953 na 1960, ubishi ukawaka upya. Hadi jogoo anawika hakuna aliyekubali kushindwa.

Nimekaa nikafuatilia. Kichekesho ni kwamba wote wako sahihi, ila kila mmoja alikuwa anahesabu kitu chake. Nitaandika vipande vipande maana nipo kazini, msinikatishe kwa "tupia yote". Mwenye nyongeza aweke.

Neno la mwanzo: wengi tunafikiri jimbo hukua kama familia inayoongeza vyumba, linaanza na kanisa moja la makuti halafu linatanuka. Bukoba ni kinyume. Lilianza likiwa na eneo la kutisha, kisha likawa linakatwa, na kila lilipokatwa ndipo lilipokomaa.

#2 Mleta uzi

Chimbuko lake si Bukoba, ni Buganda.

Mapadre Weupe (Wamisionari wa Afrika, shirika lililoanzishwa na askofu mkuu Mfaransa, Lavigerie, huko Algiers mwaka 1868) waliingia Buganda Februari 1879. Waanglikana walikuwa wameshatangulia. Ushindani wa dini ukageuka siasa ya ikulu ya Kabaka, hadi Waganda wenyewe wakawa wanaitana "Bafransa" na "Bangereza": Mkatoliki ni Mfaransa, Mprotestanti ni Mwingereza. Tarehe 24 Januari 1892 pale Mengo bunduki zikalia. Kapteni Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza, akawa upande wa Waprotestanti na bunduki zake za Maxim, Wakatoliki wakashindwa. Wengi wakakimbilia Buddu, ndiyo Masaka ya leo, na wengine wakashuka zaidi kusini hadi Kiziba, upande wa Wajerumani.

Kati ya waliokimbia alikuwepo askofu wao, Jean-Joseph Hirth. Huyu alizaliwa Alsace 1854, mkoa ambao Ujerumani iliutwaa kutoka Ufaransa 1871. Kwa hiyo mtu wa shirika la Kifaransa alijikuta anaongea Kijerumani vizuri katika koloni la Wajerumani. Nani angepanga vile? Kituo cha kijeshi cha Bukoba kilikuwa na umri wa miaka miwili tu, Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alikianzisha mwishoni mwa 1890.

Mwishoni mwa 1892 ukafunguliwa misheni wa Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba. Wajerumani waliuita Marienberg, yaani Mlima wa Maria. Basi yule mzee wa 1892 anahesabu kuanzia hapo, na mimi simlaumu. Wakimbizi wa Kiganda waliobatizwa tayari ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza kuonekana kijijini, na baadhi yao ndio waliokuwa wanafundisha kabla padre hajaijua lugha ya Kihaya.

#3 Mchangiaji

Mkuu heshima yako, ila hapo kwenye "chimbuko" sisi watu wa Mwanza hatutanyamaza. Misheni wetu wa Bukumbi ni 1883. Kashozi ni mdogo wetu.

#4 Mleta uzi

Hahaa, nilijua mtakuja. Ni kweli, Bukumbi imeitangulia Kashozi kwa karibu miaka kumi, tena mapadre walipoondoka Buganda wakati wa Kabaka Mutesa walikwenda kujishikiza huko kwenu. Mimi nazungumzia Bukoba peke yake. Ila subiri kidogo, utaona tulikuwa nyumba moja.

Julai 1894 Roma iliigawa vikarieti ya Viktoria Nyanza. (Kwa wasiojua: vikarieti ya kitume ni eneo la kimisionari linaloongozwa na askofu kwa niaba ya Papa, kabla halijakomaa kuwa jimbo kamili.) Upande wa Uganda ukagawanywa kati ya Mapadre Weupe na wamisionari wa Mill Hill kutoka Uingereza. Makusudi hasa ilikuwa kuua ule msemo kwamba Mkatoliki ni Mfaransa. Upande wa Wajerumani ukawa vikarieti ya Nyanza Kusini, chini ya Hirth.

Sasa tazameni ukubwa wake: Bukoba yote, Mwanza, Ukerewe, na baadaye Rwanda nzima. Misheni wa kwanza wa Rwanda, Save, ulifunguliwa Februari 1900 na Hirth mwenyewe, baada ya kufika kwa Mwami (mfalme) Musinga, ikuluni kwake Nyanza ya Rwanda. Askofu mmoja, na usafiri ni miguu na mtumbwi.

#5 Mchangiaji

Nimeweka kambi. Ila mleta mada usisahau Rubya. Ukiisahau Rubya nakuripoti.

#6 Mleta uzi

Siwezi kuisahau, waitu. Kama mtu ananiambia nichague sehemu moja ya kueleza kwa nini Bukoba imezaa maaskofu wengi namna hii, nisingechagua Kashozi. Ningechagua Rubya.

Mapadre Weupe walikuwa na sharti kutoka kwa Lavigerie: mtu asibatizwe hadi akae miaka minne kwenye mafundisho. Minne! Wenzao wa madhehebu mengine waliona ni ukaidi, na hata baadhi ya mapadre walilalamika kwamba watu wanakata tamaa. Lakini miaka minne ya kukaa na katekista ina maana ya kujua kusoma, kujua sala, na kuzoea nidhamu ya saa na kengele. Alipobatizwa, mtu yule tayari alikuwa anaweza kumfundisha mwingine. Utani wa "nshomile" tunaotaniwa Wahaya hadi leo, yaani "nimesoma", mizizi yake kwa kiasi fulani iko kwenye mabanda yale ya wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa.

Hirth akaenda hatua moja mbele. Hakusubiri Wakristo wawe wengi ndipo afikirie mapadre wazalendo. Kuanzia 1904 seminari ikawa Rubya, ndani ya Muleba ya leo, na vijana wakaanza kuja si kutoka Buhaya tu bali Ukerewe, hata Rwanda. Vijana wa Rwanda walisoma Rubya kabla ya kufunguliwa seminari ya Kabgayi. Mwaka 1917 Rwanda ilipopata mapadre wake wawili wa kwanza, wote walikuwa wamepitia Rubya.

Na sisi? Tarehe 15 Agosti 1917, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, hapo hapo Rubya, mapadre wa kwanza Waafrika wa nchi hii walipewa daraja. Walikuwa wanne, wawili Wakerewe na wawili Wahaya. Miongoni mwao ni Celestine Kipanda wa Ukerewe na Oscar Kyakaraba wa Bukoba. Bwana wa Mwanza pale juu, unaona sasa? Nyumba moja.

Fikirieni na wakati wenyewe. Juni 1915 Waingereza walivuka ziwa wakaupiga mji wa Bukoba, wakabomoa mnara wa simu ya upepo, na mji ukaporwa. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaondoka kabisa. Katika vurugu hiyo bado watu walikuwa Rubya wanakariri Kilatini.

#7 Mchangiaji

Babu yangu alisoma Rubya miaka miwili akafukuzwa. Alikuwa akilewa anatukana kwa Kilatini. Endelea mkuu.

#8 Mleta uzi

Huyo babu yako angefaa kuwa kwenye ule msiba.

Twende kwenye kukatwa. Nitapita haraka.

1912: Rwanda, Burundi na maeneo ya jirani zinaunganishwa kuwa vikarieti mpya ya Kivu. Hirth anahamia huko (alifia Kabgayi 1931), na Nyanza Kusini inabaki kwa Joseph Sweens.

1929: Nyanza Kusini inagawanywa tena, mashariki Mwanza, magharibi Bukoba. Hapa ndipo neno "Bukoba" linapoonekana kwa mara ya kwanza kama jina la eneo la kikanisa. Askofu ni Burchard Huwiler, hadi 1946.

1951: hapa sasa, wakuu, wekeni simu chaji.

#9 Mleta uzi

Tarehe 13 Desemba 1951 Roma ilimega kipande cha vikarieti ya Bukoba ikakiita Kagera ya Chini, makao yake Rutabo. Ni kipande kidogo mno ukikilinganisha na vilivyomegwa huko nyuma. Kwa nini kukata tena kitu ambacho tayari kilikatwa? Kwa sababu ya nani atakiongoza. Kagera ya Chini ilikusudiwa iwe mikononi mwa mapadre wazalendo, chini ya askofu mzalendo. Mtindo ulikuwa umeshajaribiwa jirani: Masaka ilikabidhiwa kwa Joseph Kiwanuka mwaka 1939, askofu wa kwanza Mwafrika wa zama hizi.

Aliyechaguliwa ni padre Laurean Rugambwa, mzaliwa wa Bukongo, Rutabo. Alizaliwa 12 Julai 1912, akabatizwa akiwa na miaka minane, siku moja na wazazi wake. Rubya, kisha seminari kuu ya Katigondo Uganda, upadre 1943, halafu Roma kusomea sheria za Kanisa. Februari 1952 akawekwa wakfu kuwa askofu, ana miaka 39. Tanganyika haikuwahi kuwa na askofu Mwafrika kabla yake. Kumbukeni huu ni mwaka ambao TANU yenyewe bado haijazaliwa.

Machi 1953 Roma ikaipandisha Tanganyika: vikarieti zikawa majimbo kamili. Kagera ya Chini ikawa Jimbo la Rutabo. Vikarieti mama ikawa Jimbo la Bukoba. Majimbo mawili jirani, Rutabo kwa Rugambwa na Bukoba kwa Askofu Alfred Lanctôt.

Sasa mwaka 1960. Tarehe 28 Machi Papa Yohane XXIII anamfanya Rugambwa kardinali, Mwafrika mweusi wa kwanza katika zama hizi, umri miaka 47. Dunia nzima inauliza: Rutabo iko wapi? Juni 21 mwaka huo huo mipaka inapangwa upya na majina yanahamishwa. Jimbo la Rutabo linapewa mji wa Bukoba na kuitwa Jimbo la Bukoba. Lile lililokuwa Jimbo la Bukoba linabaki na upande wa magharibi, Ngara, Biharamulo na Karagwe, na kuitwa Jimbo la Rulenge. Lanctôt anakwenda nalo.

Mmeona ilipo siri? Kwa vitabu vya Roma, Jimbo la Bukoba la leo ndilo Rutabo ya jana, na umri wake unaanzia 1951. Ile "Bukoba" ya 1929 leo inaitwa Rulenge-Ngara. Mtoto alichukua jina la mama, mama akapewa jina jipya!

Kwa hiyo katekista wetu alikuwa sahihi, mzee wa Kashozi alikuwa sahihi, na hata kijana wa simu hakukosea.

#10 Mchangiaji

Aisee. Mimi ni mtu wa Ngara, nimekua nikiambiwa Rulenge ni "mtoto wa Bukoba". Kumbe ukifuata karatasi sisi ndio wakubwa? Kesho naanza kudai mahari.

#11 Mchangiaji

Taratibu mtu wa Ngara. Karatasi ni karatasi. Kashozi, Rubya, Bunena, mapadre wa kwanza, vyote viko upande gani? Ukirithi hati ya ukoo ukaacha mashamba na makaburi kwa ndugu yako, nani ndiye mrithi?

#12 Mleta uzi

Ndugu yangu #11 umelisema vizuri kuliko nilivyojipanga kulisema. Mimi msimamo wangu ni huo: tarehe ya hati ni ya hati. Waumini wa Kashozi hawakuamka asubuhi ya Juni 22, 1960 wakiwa Wakristo wapya.

Ila Rulenge tusiidharau. Kwanza, ndiko alikokuwa Askofu Christopher Mwoleka kuanzia 1969. Huyu hakuishia kuusifia ujamaa mimbarani. Alikwenda kuishi na wanakijiji kijiji cha Nyabihanga, akalima nao. Wapo mapadre waliomwona anapotea njia. Lakini maaskofu wa Afrika Mashariki waliponadi jumuiya ndogondogo za Kikristo miaka ya 70, yeye alikuwa na mfano wa kuonyesha, si karatasi ya semina. Jumuiya yako inayokusanyika nyumba kwa nyumba kila wiki, ile inayokukumbusha michango kwenye kundi la WhatsApp, ina deni kwa watu wa aina yake.

Pili, Rulenge ndiyo iliyobeba mzigo wa 1994. Mwisho wa Aprili, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya Benaco, Ngara, ikageuka mji. Jimbo la vijijini likajikuta na waumini wageni wengi kuliko linavyoweza kuwahesabu.

Tatu, nalo limekatwa. Agosti 2008 Karagwe ilitolewa ikawa Jimbo la Kayanga, na Rulenge ikaongezewa jina ikawa Rulenge-Ngara.

#13 Mchangiaji

Swali la kizushi: huyu Kardinali Rugambwa wa Tabora ni mtoto wa yule wa kwanza? Kijiweni wamekomaa kabisa.

#14 Mleta uzi

Mkuu, kardinali wa Kanisa Katoliki awe na mtoto kardinali? Kijiwe chenu kifungwe.

Ni Protase Rugambwa, mzaliwa wa Bunena, Bukoba, Mei 1960, yaani miezi miwili baada ya yule mzee kuwa kardinali. Upadre alipewa na Papa Yohane Paulo II mwenyewe Dar es Salaam, Septemba 1990, akiwa padre wa Jimbo la Rulenge. Akawa askofu wa Kigoma, akafanya kazi Roma, akawa kardinali Septemba 30, 2023. Ni wa tatu kwa Tanzania, baada ya Laurean na Polycarp Pengo. Wawili kati ya watatu wametoka kipande kile kile ambacho Roma ilikuwa inakikatakata. Nshomile hatujivuni, tunahesabu tu.

#15 Mchangiaji

Shikamooni wote, mimi ni mtu mzima kidogo. Kijana umesimulia maaskofu na Roma. Sema na hospitali na shule, maana sisi wa kijijini Kanisa tulilijua kwa sindano na daftari.

#16 Mleta uzi

Marahaba hainihusu, shikamoo mzee! Umenikamata, ni kweli.

Hospitali za Rubya, Kagondo na Mugana ni za jimbo, na kwa miongo mingi ukiumwa Muleba au Missenyi ndiko unakopelekwa. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikoripotiwa, 1983. Watu wa rika langu tunakumbuka nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu tu. Masista na makatekista walizika watu hadi wakazoea, na kuzoea kule ndiko kulikouma zaidi. Sitaki kuandika mengi hapo, nimepoteza shangazi wawili.

Shule: sekondari ya Ihungo ilikuwa ya Kanisa hadi Serikali ilipozitaifisha shule za dini, kufuatia sheria ya elimu ya 1969. Wapo wazee waliolia, wapo waliofurahi kwamba sasa mtoto wa Mwislamu na wa Mlutheri ataingia bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Mimi nasimama na hao wa pili, hata kama nampenda sana mama Kanisa. Tetemeko la Septemba 10, 2016 likaibomoa Ihungo vibaya, ikajengwa upya.

Na vita vya Kagera msivisahau. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yaliteka eneo lote la kaskazini mwa mto. Ukipita Kyaka leo unaona magofu ya kanisa juu ya mlima, msalaba umesimama peke yake. Yameachwa vile makusudi.

#17 Mchangiaji

Hao maaskofu baada ya Rugambwa? Maliza orodha.

#18 Mleta uzi

Rugambwa alihamishiwa Dar es Salaam mwishoni mwa 1968. Akafuata Gervasius Nkalanga, aliyefanya jambo ambalo hadi leo sijaona mwenzake nchini: mwaka 1973 akaacha uaskofu, akaenda kuwa mmonaki Mbenediktini kule Hanga, Songea. Hakugombana na mtu wala hakuhama Kanisa. Alivua pete akaenda kusali na kulima. Kisha Nestor Timanywa, karibu miaka arobaini, ndiye "Askofu" pekee ambaye wengi wetu tulimjua, alitupaka krisma sisi na wadogo zetu. 2013 akaja Desiderius Rwoma kutoka Singida. Aliyepo sasa ni Jovitus Mwijage, aliyeteuliwa Oktoba 2023.

#19 Mchangiaji

Kasinge waitu. La mwisho: Kardinali amezikwa wapi? Mimi nilikwenda kusali kaburini kwake Kashozi zamani, juzi mtoto wangu ananiambia kaburi liko mjini.

#20 Mleta uzi

Nyote mko sahihi tena, kama wale wazee.

Alifariki Desemba 8, 1997, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Kanisa kuu la mjini lilikuwa halijawa tayari kumpokea, likisubiri matengenezo, kwa hiyo akalazwa Kashozi kwa muda. "Muda" huo ukawa karibu miaka kumi na mitano. Oktoba 2012, kanisa kuu lilipokamilika, mwaka ambao angetimiza miaka 100, mwili wake ulitolewa Kashozi ukapelekwa Bukoba mjini kwa maandamano makubwa, watu wamejipanga barabarani.

Nilikuwepo siku ile, nimesimama chini ya mgomba wa mtu, jua kali. Pembeni yangu bibi mmoja wa Kashozi alikuwa analia kwa sauti. Nikamwambia, bibi, usilie, wanampeleka mahali pa heshima. Akanijibu bila kunitazama: "Heshima alikuwa nayo hapa. Wametuchukulia mgeni wetu."

Nampigia yule katekista jioni hii nimsomee uzi. Nikirudi na majibu yake nitayaweka hapa.